Katoni arobaini na uzamili wangu wa usimamizi wa TEHAMA

Nilipoomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa TEHAMA na programu za biashara, nilikuwa nimeandika programu kwa miaka sita, na niliamini kwamba nakwenda kuongeza ujuzi uleule niliokuwa nao. Nilitarajia lugha mpya za kuandikia programu, hifadhidata kubwa zaidi na seva ambazo sijawahi kuzigusa. Muhula wa kwanza ukanipokea kwa somo la uhasibu. Nilikaa darasani kwa kinyongo, nikijiuliza mtu wa kompyuta ana kazi gani na debiti na krediti, hadi ilipofika siku ya zoezi moja la maabara ambalo mpaka leo naweza kulisimulia skrini kwa skrini.

Zoezi lenyewe lilionekana jepesi. Kila mwanafunzi alipewa kampuni ya kubuni ndani ya mfumo wa ERP, yaani mfumo unaounganisha manunuzi, stoo, mauzo, mishahara na uhasibu katika hifadhidata moja, akatakiwa kununua bidhaa, kuipokea na kumlipa muuzaji. Nilitengeneza agizo la ununuzi la katoni 40, kila katoni ikiwa na chupa 24. Mzigo wa kubuni ulipofika, nilifungua ukurasa wa mapokezi, nikaandika 40, nikathibitisha, nikaegemea kiti. Sikutazama kisanduku kidogo cha pembeni, ambacho kipimo chake kilikuwa chupa na si katoni. Ankara ilipoingizwa, mfumo ukazuia malipo. Ulikuwa umelinganisha hati tatu, yaani agizo, hati ya mapokezi na ankara, ukakuta nimeagiza chupa 960, nimepokea 40, na nadaiwa 960.

Nilifanya kile ambacho mwandishi yeyote wa programu angekifanya: nilitafuta kitufe cha kufuta. Hakikuwepo. Mhadhiri alisimama nyuma yangu akanieleza kwamba hati ikishaingia katika vitabu vya hesabu haifutwi. Unaandika hati ya pili inayoibatilisha ya kwanza, kisha ya tatu iliyo sahihi, na zote tatu zinabaki pale kwa ajili ya mkaguzi atakayekuja baadaye. Nilipofungua leja, yaani daftari kuu la hesabu, nikaona jambo lililonishangaza zaidi. Kila nilipopokea bidhaa stoo, mfumo ulikuwa umeandika mistari miwili bila kuniuliza: mmoja ukiongeza thamani ya bidhaa zilizopo, mwingine ukiweka kiasi hichohicho katika akaunti ya muda inayosubiri ankara. Mtunza stoo anayedhani anahesabu chupa ndiye anayeandika vitabu vya kampuni. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alichapisha maelezo ya uhasibu wa pande mbili, ambapo kila muamala huandikwa debiti upande mmoja na krediti upande mwingine, mjini Venice mwaka 1494, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba programu nilizokuja kuzisoma zimejengwa juu ya mifupa ileile. Kinyongo changu na somo lile kiliishia siku hiyo.

Historia ya programu hizi ilifundishwa kwa haraka, nami sitakaa nayo sana. Miaka ya 1960 viwanda vilianza kutumia kompyuta kukokotoa malighafi zitakazohitajika na lini zitahitajika; mwaka 1972 wahandisi watano waliokuwa wameajiriwa na IBM nchini Ujerumani walianzisha SAP, kampuni inayotengeneza programu za namna hii; na jina la ERP lenyewe lilitolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990. Wazo lililobeba yote hayo ni moja: taarifa iandikwe mara moja tu, na idara zote zisome palepale. Ni wazo zuri, na ndilo chanzo cha matatizo karibu yote niliyosomeshwa kwa miaka miwili, kwa sababu idara zikisoma neno moja lazima kwanza zikubaliane neno hilo lina maana gani.

Katika semina moja tuligawanywa katika idara, tukaulizwa swali ambalo tulilicheka: mteja ni nani? Waliocheza idara ya mauzo walisema ni yeyote aliyewahi kuomba bei. Wahasibu wakasema hapana, ni mtu mwenye akaunti ambaye anaweza kudaiwa. Wa usafirishaji, ambao nilikuwa mmoja wao, tukang'ang'ania kwamba mteja ni anwani, kwa kuwa duka lenye matawi matatu linahitaji lori tatu. Tulibishana kwa saa mbili nzima, na tulipotoka hatukuwa tumeafikiana. Mhadhiri hakutusaidia, na nadhani hakukusudia kutusaidia.

Mfano halisi ambao tuliurudia mara nyingi ni ule wa Lidl, mtandao wa maduka makubwa wa Ujerumani, ambao ulianza kujenga mfumo mpya juu ya SAP mwaka 2011 na kuusitisha mwaka 2018, baada ya gharama iliyokadiriwa kufikia euro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni moja ambayo mtu wa nje angeiona ni ndogo mno: kampuni ilizoea kuthamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali programu ya biashara ya rejareja ilikuwa imeundwa kwa kufuata bei ya kuuzia. Badala ya kampuni kubadili desturi yake, programu ndiyo iliyobadilishwa, na badiliko moja likadai jingine. Mhadhiri wetu alikuwa akitofautisha kwa ukali kuchagua mipangilio ambayo mfumo tayari unairuhusu na kuandika upya msimbo wake, yaani maagizo yenyewe yanayoiendesha programu. La kwanza unaweza kulitengua kesho asubuhi. La pili unalilipia kila toleo jipya linapotoka, kwa sababu lazima mtu akae apime upya kila ulichokigusa. Mimi niliyekuwa nikijivunia kuandika msimbo wa aina hiyo kwa miaka sita nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mfano wa pili ni wa Hershey, kampuni ya peremende na chokoleti ya Marekani, ambayo mwaka 1999 iliamua kuwasha mifumo mipya mitatu kwa pamoja. Kazi ilichelewa ikaangukia mwezi Julai, wakati ambapo wenye maduka huanza kuagiza mzigo wa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto hugawiwa peremende. Chokoleti zilikuwepo maghalani, lakini maagizo ya takriban dola milioni 100 hayakufika kwa wateja. Wengi huusimulia mkasa huu kama hitilafu ya kompyuta. Mimi nauona ni mkasa wa kalenda: mtu fulani mezani alijua Julai ni mwezi gani kwa biashara ile, na ama hakusema, ama alisema asisikilizwe.

Masomo mengine yalikuwepo, kama usimamizi wa miradi, usalama wa taarifa na mikataba ya huduma, nayo yana faida zake, ingawa mengi yake ni istilahi ambazo mtu makini anaweza kujisomea mwenyewe. Nimwambie hivi anayefikiria kujiunga: kabla ya kulipa ada, uliza kama utakaa mbele ya mfumo halisi na kuuharibu kwa mikono yako mwenyewe. Kama jibu ni la kusitasita, pakua programu ya ERP kama Odoo, iliyoanza Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, au ERPNext, ambazo zina matoleo ya bure yanayofanya kazi hata katika kompyuta ya kawaida, kisha nunua, pokea, uza na ulipe mpaka leja ikukatalie.

Tasnifu yangu niliifanyia katika kampuni moja ya biashara ya jumla ambayo sitaitaja. Uongozi ulinieleza kwamba wafanyakazi wa stoo hawaupendi mfumo na wanahitaji mafunzo. Nilikaa stoo kwa wiki tatu. Mtunza stoo, mzee mmoja mpole, alikuwa na daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula, na kila lori lilipoingia aliandika humo kwanza. Nilimuuliza kwa nini asiandike moja kwa moja kwenye kompyuta. "Mwanangu," akanijibu, "mzigo mmoja unakuja na lori tatu, siku tatu. Hii kompyuta inajua lori moja tu."

Alikuwa sahihi. Mipangilio ya manunuzi ilikuwa imewekwa ili agizo lifungwe baada ya mapokezi ya kwanza. Kwa hiyo mzee alisubiri lori la mwisho, akajumlisha daftarini, ndipo akaandika mara moja. Kwa siku hizo zote bidhaa zilikuwa zimepangwa rafuni huku watu wa mauzo wakiwaambia wateja kwamba hazipo. Dawa yake ilikuwa alama moja ya tiki katika ukurasa wa mipangilio, ya kuruhusu mapokezi ya sehemu.

Msimamizi wa mfumo aliniambia hawezi kuiweka bila idhini ya mhasibu mkuu. Mhasibu mkuu hakutaka maagizo yaliyo wazi mwisho wa mwezi, kwa kuwa akaunti ile ya muda ingebaki na salio ambalo angelazimika kulieleza kwa wakaguzi. Mkuu wa mauzo naye alitaka tiki iwekwe siku hiyohiyo. Tulifanya vikao vinne, nikaandaa jedwali la kila wiki linaloonyesha salio lile linatokana na maagizo yapi, mhasibu akalijaribu mwezi mzima kabla ya kukubali. Ilituchukua wiki saba kuafikiana. Kuweka tiki yenyewe kulichukua chini ya dakika moja, na mzee wa stoo alikuja kusimama mlangoni kushuhudia, daftari lake likiwa kwapani.