Tulivyoichukua timu yetu ikawa ya wanachama

Nilikabidhiwa daftari la wanachama kabla hatujapata hata mwanachama mmoja. Mmiliki wa timu yetu ya daraja la chini alikuwa ametangaza kwamba msimu ukiisha anajitoa: akipatikana mnunuzi, atamwuzia, asipopatikana, timu itafutwa kwenye ligi. Mashabiki tulibaki jukwaani baada ya mechi, tukachagua kamati ya watu saba, na mimi nikawa katibu kwa sababu kazini nimezoea kuandika kumbukumbu za vikao.

Siku zile nilisoma sana habari za waliotutangulia. Mjini Rochester, jimbo la New York, timu ya besiboli ya Red Wings ilikuwa hatarini wamiliki wake, klabu kubwa ya St. Louis Cardinals, walipoamua kuiacha. Mfanyabiashara wa hapo, Morrie Silver, akaongoza uuzaji wa hisa kwa wananchi, na mwaka 1957 timu ikawa mali ya maelfu ya wenyeji. Habari iliyonigusa zaidi ni ya Exeter City ya Uingereza. Mashabiki waliishika mwaka 2003, imeshuka daraja na madeni yamejaa. Januari 2005 ikatoka sare ya 0-0 na Manchester United kwenye Kombe la FA, ugenini Old Trafford, na mapato ya mechi ile pamoja na ya marudiano yakawasaidia sana kulipa madeni. Wengi husimulia sare ile. Mimi nilikuwa nikiwaza ile miaka iliyotangulia, watu wakichangishana wasijue kama kuna siku ya namna hiyo inakuja.

Kosa letu la kwanza lilikuwa tangazo. Tuliandika "Njoo umiliki timu", basi, bila maelezo. Mkutano ulifurika, lakini kila mmoja alikuja na tafsiri yake ya kumiliki. Mzee mmoja aliuliza faida itagawanywa lini. Vijana wa nyuma walitaka kocha apigiwe kura siku hiyohiyo. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, kwa sababu watu hawakuwa wamekosea; sisi ndio hatukuwaeleza.

Mkutano wa pili nilianza na mfano wa Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani. Ile ni timu kubwa, si ya daraja la chini, lakini mfano wake unaeleweka upesi. Imekuwa ya wananchi tangu 1923. Hisa zake hazilipi gawio, yaani mgao wa faida, huwezi kuziuza sokoni ukapata faida, na mtu mmoja haruhusiwi kushika zaidi ya hisa 200,000. Mwenye hisa anapata kura ya kuchagua wakurugenzi. Kupanga kikosi si kazi yake. Nikawaambia wazi: ukitoa ada yako hapa, haitarudi na kitu juu yake. Unachopata ni kura moja, haki ya kuona hesabu, na haki ya kugombea uongozi. Kocha ataajiriwa na bodi, na bodi mtaiondoa ninyi. Baadhi waliondoka, ila waliobaki walijiandikisha wakijua wanaingia kwenye nini.

Halafu akaja mtu mwenye uwezo. Alikuwa tayari kulipa peke yake karibu nusu ya fedha tulizohitaji, kwa sharti la viti vitatu vya bodi visivyopigiwa kura. Kamati iligawanyika vibaya. Mweka hazina wetu, ambaye namheshimu hadi leo, aliona tunachezea bahati. Hoja yangu ilikuwa hii: tunaikomboa timu kwa sababu mtu mmoja aliweza kuifuta kwa neno lake, na sasa tunataka kumweka mwingine palepale. Tulipiga kura, nne kwa tatu, tukamkatalia. Hasara ilikuja kweli. Msimu ule hatukuwa na fedha za basi, wachezaji walisafiri kwa magari ya wanachama, na beki wetu bora akahamia klabu iliyoweza kumlipa. Sitasema uamuzi ule ulikuwa rahisi, lakini ningeurudia.

Jambo ninalowasihi wanaojaribu: msitie saini kabla ya kuiona leja nzima, yaani vitabu vya hesabu vya klabu. Tuliomba vitabu mara tatu. Tulipopewa, tukakuta malimbikizo ya mishahara ya wachezaji ambayo hakuna aliyeyataja mezani. Tungenunua timu pamoja na deni lile. Tulirudi kwenye mazungumzo, bei ikashushwa kwa kiasi cha deni, na wachezaji ndio waliolipwa kwanza.

Kwenye katiba ya klabu tuliweka vifungu viwili vigumu kubadilika. Kila mwanachama ana kura moja, hata achangie kiasi gani. Na klabu ikivunjwa, mali yake haigawanywi kwa wanachama. Inakwenda kwenye chombo kingine cha michezo ya jamii. Hicho cha pili ndicho kinga halisi, maana kinamwondolea mtu yeyote hamu ya kuiua timu ili auze kiwanja.

Kazi kubwa kuliko zote imekuwa daftari lenyewe. Mwanachama asiyelipa ada hapigi kura, kwa hiyo nani amelipa na lini ni jambo la kugombaniwa. Mwaka wa kwanza mkutano mkuu ulikwama saa nzima tukibishana juu ya majina kumi na moja, na nusura akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, itukatikie. Tangu hapo orodha inabandikwa getini wiki tatu kabla ya mkutano, anayeona kasoro aje na risiti. Hesabu za mwezi tunazibandika pembeni yake, pamoja na mapato ya mlangoni, mechi kwa mechi. Watu husimama kuzisoma wakati wa mapumziko, soda mkononi, na huniita wakiona namba wasiyoielewa. Jumamosi iliyopita niliitwa mara mbili, na mara ya pili mama aliyeniita alikuwa sahihi: tulikuwa tumeandika gharama ya nyavu mpya mara mbili.