Tangi la Golf ya Mwalimu

Golf ilifika gerejini Mikindani ikivutwa kwa kamba, saa nane mchana wa Februari 2020, kaskazi imekolea na lami inarudisha joto usoni. Ilikuwa Volkswagen Golf ya kizazi cha tano, injini ya 1.6 FSI, mojawapo ya zile zilizoingia nchini kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Mwenyewe, mwalimu mstaafu wa Kaloleni, alishuka na jerikeni ya lita 5 mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Tangu Krismasi nalinywesha maji gari hili. Leo limegoma hapo Mazeras.”

“Taa ya maji imewaka?”

“Haijawaka hata siku moja.”

Jibu hilo lilinikaa kichwani mchana kutwa. Golf ya aina hii ina sensa, yaani kihisi, ndani ya tangi la kulanti, maji ya kupozea injini. Maji yakipungua mno, taa nyekundu inamwekamweka kwenye dashibodi na mlio unapigwa mara tatu. Gari linalokunywa maji wiki sita na taa imenyamaza lina matatizo mawili.

Kifuniko hatukukigusa. Tangi hili si kama kile kichupa cha akiba cha Toyota nyingi, kinachopokea tu maji yaliyosukumwa nje na rejeta. Lenyewe ni sehemu ya mzunguko, linabeba presha ile ile iliyomo ndani ya injini, na valvu ya kifuniko chake hufunguka presha ikifika bar 1.4 hadi 1.6 juu ya ile ya hewa. Kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yafike nyuzi 125 hivi. Ukifungua kifuniko injini ikiwa moto, presha inaporomoka, maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni na kifuani. Nimeona mikono iliyobabuka hivyo. Mwalimu akapewa kiti chini ya mwarobaini, boneti ikaachwa wazi, na kazi ikaanza saa kumi na nusu, mpira wa juu wa rejeta ulipokuwa umepoa na unabonyea kwa vidole bila ukaidi.

Watu huhesabu maji yaliyomwagika na kusahau presha. Tundu dogo kama la sindano halimwagi hata kikombe kimoja kwa safari, lakini linazuia presha isipande. Presha isipopanda, maji yanachemka mapema, mvuke unajikusanya kwenye hedi, kile kichwa cha injini, na mvuke haubebi joto kama maji yanavyolibeba. Hedi ya alumini inapinda. Ndiyo maana tangi la plastiki linastahili heshima kuliko linavyopewa.

Hili lilikuwa limegeuka rangi. Likiwa jipya ni jeupe la kuangaza, unauona mstari wa kulanti kwa nje. La Mwalimu lilikuwa la kahawia kama chai ya rangi, na mistari ya MIN na MAX ilisomeka kwa tochi tu. Tangi hizi za mviringo ni nusu mbili zilizounganishwa kwa joto, na mshono wake ndio hufa kwanza. Nyuma ya mshono huo, upande usioonekana ukisimama mbele ya gari, mtu alikuwa amepaka gundi ya chuma ya kijivu, nene kama kidole cha mtoto. Nikaingiza ukucha chini yake. Ikabanduka yote kwa kipande kimoja, na upande wake wa ndani ulikuwa umechukua chapa ya mshono, pamoja na mstari mwembamba wa chumvi ya waridi pale kulanti ilipokuwa ikipita. Plastiki ya tangi hizi ni ya jamii ya polipropilini, na gundi ya epoksi haina inachokishika hapo. Inakauka juu yake, inakaa, inapendeza macho, na gari likipata moto plastiki inatanuka na gundi inabaki palepale.

Kabla ya kulaani tangi, injini lazima iulizwe kwanza. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ikiwa imeungua, gesi ya silinda inaingia kwenye maji na kuipandisha presha kupita kiasi, na tangi jipya utakaloweka litapasuka kama la zamani. Tukajaza maji safi, tukawasha injini bila kifuniko, nikaweka kile kipimo chenye dawa ya buluu juu ya mdomo wa tangi na kuvuta hewa kwa kipira. Gesi ya silinda ikiwemo, buluu inageuka manjano. Dakika kumi, ikabaki buluu. Mafuta ya injini nayo yalikuwa safi, hakuna ule uji mweupe wa maji na mafuta yaliyochanganyika chini ya kifuniko chake. Hapo nilishusha pumzi kwa niaba ya Mwalimu.

Kisha pampu ya presha. Nikaiacha injini ipoe tena, nikafunga pampu kwenye mdomo wa tangi, nikapandisha mpaka bar 1. Mshono ukaanza kutoa jasho, nukta ndogo ndogo zikijipanga. Hilo nililitarajia. Lakini mshale ulikuwa ukishuka haraka kuliko jasho lile, kwa hiyo kulikuwa na pengine. Nikapitisha tochi mpaka kwenye kimrija chembamba cha juu, kile kinachopokea mpira mdogo wa kurudisha hewa. Klipu ya kiwandani, ile ya springi, ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa klipu ya skrubu iliyokazwa mpaka ukanda wake umezama kwenye mpira. Chini yake kimrija kilikuwa na ufa wa nusu mzunguko, mwembamba kama unywele. Klipu ya springi inabana kwa nguvu ile ile mpira ukinywea au ukivimba. Ya skrubu inabana kadiri ya mkono wa aliyeikaza, na plastiki iliyozeeka haina uvumilivu huo.

Tatizo la pili lilikuwa chini ya tangi. Plagi ya sensa ilikuwa inaning'inia, na nyaya zake mbili zimekatwa na kuunganishwa pamoja, zikafungwa kwa utepe mweusi. Sensa hii ni vijiti viwili vya chuma vinavyoingia ndani ya tangi. Kulanti ikivifunika, umeme mdogo unapita kati yake na gari linajua maji yapo. Ukiziunganisha nyaya, gari linaamini maji yapo daima, hata tangi likiwa kavu. Aliyefanya hivyo alichoshwa na taa, akaizima. Na kwenye Golf hii taa hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu mshale wa joto umetengenezwa kusimama katikati, kwenye 90, hata maji yakiwa kati ya nyuzi 75 hivi na 105 hivi. Unapouona umeinuka kutoka hapo, umeshachelewa. Mwalimu alikuwa akiteremka na kupanda vilima vya Rabai akiwa na mshale uliotulia na taa iliyofungwa mdomo. Nilikasirika, na hasira hiyo sikuificha.

“Kwani alinidanganya?” akauliza.

“Alikunyima onyo, Mwalimu. Leo tunakurudishia.”

Spea ilipatikana asubuhi ya pili. Tangi la kwanza lililoletwa lilikuwa na umbo sahihi, lakini mdomo wake wa chini ulikuwa mwembamba kwa karibu milimita 2 kuliko wa zamani. Klipu ingeushika, na ungevuja ndani ya mwezi. Likarudishwa. La pili lilikuwa na namba ya spea inayoanza na 1K0, kama la zamani, na vijiti vya sensa vimekaa sawasawa. Siku zote weka la zamani na jipya ubavu kwa ubavu juu ya meza: kipenyo cha midomo, pembe zake, matundu ya skrubu, pini za sensa. Kifuniko nacho kiwe kipya. Valvu ya kifuniko iliyoganda ndiyo inayopasua tangi nyingi, na ikikwama upande wa pili, wa kuvuta hewa, utakuta asubuhi mpira wa juu umenywea kama umenyonywa.

Kutoa la zamani si kazi kubwa. Nilinyonya kulanti iliyokuwemo kwa sirinji kubwa, nikafungua skrubu, nikalipindua tangi taratibu ili nifikie chini, nikachomoa plagi, kisha mipira. Mpira wa chini ulikuwa umegandana na mdomo wa tangi. Hapo usivute. Uzungushe kwanza kwa mkono, kushoto na kulia, mpaka usikie umeachia, ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu unaweza kuuchana kwa ndani, mahali ambapo hutaona.

Kama ingekuwa kulanti nzuri ningebana mpira wa chini na kuokoa iliyobaki kwenye injini. Hii haikuwa nzuri. Rangi yake ilikuwa ya sharubati iliyozimuliwa mara tatu. Nikauliza maji ya jerikeni yanatoka wapi, na Mwalimu akasema ni ya kisima cha nyumbani. Kisima cha pwani, ukiyaonja maji yake unajua: yana chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi na ya rejeta kimyakimya. Tukateremsha yote kwa kuchomoa mpira wa chini wa rejeta, tukaisuuza injini mara mbili kwa maji ya betri yasiyo na chumvi, kila mara tukiiwasha hita ikiwa kwenye joto la mwisho ili maji yapite mpaka kwenye rejeta ndogo ya ndani. Maji ya kwanza yalitoka na vumbi la rangi ya kutu. Ya pili yalikuwa meupe.

Wateja wengi wa pwani huniuliza kulanti ya nini, hapa hakuna barafu. Barafu ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni dawa ya kuzuia kutu, na mtengenezaji anataka isipungue asilimia 40 hata kwenye nchi za joto, wala isizidi 60. Nilichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo safi kabla ya kumimina, kulanti ya G12++, mojawapo ya aina za Volkswagen, na maji yale yale ya betri. Hii haina ugomvi na za zamani. Zinazogombana ni G11 ya buluu na G12 ya kwanza nyekundu: zikikutana zinageuka tope la kahawia linaloziba kila kitu.

Tangi jipya likaingia, mpira wa chini kwanza kwa kuwa ndio mgumu kufikika. Niliulainisha mdomo kwa kulanti yenyewe. Mafuta na grisi vinavimbisha mpira wa aina hii, kwa hiyo visiguse hapo. Klipu za springi zikakaa pale pale palipokuwa na alama ya zamani kwenye mpira, na ile ya skrubu nikaitupa. Nyaya za sensa nikazitenganisha, nikazichomelea kwa risasi kwenye plagi na kuzifunika kwa mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa joto.

Kujaza kunataka subira. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya ngazi za kupandishia gari, ili tangi liwe mahali pa juu zaidi na hewa ipande kuelekea huko. Mimina polepole mpaka MAX, bonyeza mpira mkubwa wa juu mara kadhaa uone mapovu, ongeza. Tukawasha, hita kwenye moto, mzunguko wa injini karibu 2,000. Ndani ya tangi uzi mwembamba wa kulanti ukaanza kutiririka kutoka kwenye kile kimrija cha juu. Huo ndio unaotaka kuuona, kwani maana yake pampu ya maji ya injini inasukuma na hewa inarudi. Mstari ukashuka, nikaongeza kama robo tatu ya lita, nikafunga kifuniko. Tulingoja feni izunguke na kusimama mara mbili. Upepo wa hita ulikuwa moto sawasawa. Ungekuwa baridi, basi hewa imekwama, na lazima urudi mwanzo.

Usijaze kupita MAX. Nafasi tupu iliyo juu ina kazi: kulanti yote ya gari hili ikipata moto inavimba kwa karibu robo lita, na ile hewa ndiyo inayobonyea kuipisha. Ukiijaza, kifuniko kitaitema njiani.

Pampu ya presha tena: bar 1 na nusu, dakika kumi na tano, mshale haukusogea. Tukapanda mpaka Rabai na kurudi, mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikiwa mapajani mwangu. Mlimani ilisoma nyuzi 103, mshale wa dashibodi ukiwa umetulia kwenye 90. Gari lililala gerejini, na asubuhi, injini baridi, mstari ulikuwa umeshuka kidole kimoja. Nikaongeza mililita 200.

Mwalimu alipokuja nilimwomba aketi kwenye usukani na kuwasha swichi, kisha nikachomoa plagi ya sensa. Taa nyekundu ikamweka, mlio ukapiga mara tatu.

“Hii sijawahi kuiona,” alisema.

“Ukiiona, simama pembeni, zima, usifungue kifuniko. Ngoja hata saa nzima. Halafu unipigie.”

“Na hii?” Aliinua jerikeni.

Nilimpa chupa ya lita moja ya kulanti iliyokwisha changanywa, akaiweka kwenye buti. Maji ya kisima aliyamimina nje ya lango, taratibu, mpaka tone la mwisho.