641 kwenye 4294, mara 6

Jana huyu wangu wa pili kaniletea daftari: "Baba, 91 ni namba tasa?" Nikamwambia ajaribu 7. Akajaribu, akaguna, akaenda zake kucheza. Mimi mawazo yakanirudisha kwenye prepo ya kidato cha pili, umeme umekatika, chemli inatoa moshi.

Usiku ule mwalimu wetu wa hesabu aliingia, akafuta ubao, akaandika 3, 5, 17, 257, 65537. Kila moja ni 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, halafu unajumlisha 1. Zote tasa. Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17, akaamini mfululizo huo utatoa tasa milele. Inayofuata ina kipeo cha 32: 4294967297.

"Tasa, si tasa?"

Tasa! Kama Fermat kasema, sisi ni nani? Mwalimu akamwita dada mmoja wa dawati la mbele, akampa chaki na namba moja tu: 641. "Gawanya."

641 kwenye 4294, mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Nyuma huko mtu akasema, "Imepona hiyo." Dada hakugeuka. Shusha 6, haiingii, sifuri. Shusha 7, haiingii, sifuri tena. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448.

448 tena. Chaki ikasimama. Tarakimu iliyobaki kushushwa ilikuwa moja, na macho yetu yote yalikuwa yamepanda juu, pale 448 ya kwanza iliposhushiwa 9 na kuzidi 2. Safari hii inashuka 7. 4487. Mara 7. Sifuri.

Kwa kelele zile, mwalimu wa zamu alikuja mbio akidhani nyoka kaingia.

Aliyeinasa 641 ni Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1732. Baadaye akathibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile lazima kiwe kigawe cha 64 ukijumlisha 1. Basi watuhumiwa ni wachache mno: 193, 257, 449, 577, halafu 641. Na baada ya 65537, hadi leo hakuna aliyepata tasa nyingine kwenye mfululizo ule.

Sijui tulishangilia nini hasa: hesabu yenyewe, au mkubwa kuangushwa na kugawanya kwa shule ya msingi. Nadhani la pili, ila sina hakika. Mwalimu hakungoja tutafakari. Aliandika ya kipeo cha 64, 18446744073709551617, akasema tumletee vigawo vyake Jumatatu.

Aliyeivunja kwanza ni Clausen, mwanahisabati wa Denmark, mwaka 1855, kwenye barua tu; Landry, Mfaransa mwingine, akaivunja tena mwaka 1880, akiwa na miaka 82. Kigawo kidogo ni 274177.