Nilivyoibaini gumegume iliyofufuliwa

Gumegume yangu ya kwanza, bunduki ya kale ya Kimarekani aina ya Springfield, modeli ya 1816, nililipia bei ya bunduki ambayo haijaguswa, kumbe nimeuziwa kazi ya fundi wa juzi. Iliniuma sana. Ndipo nikakaa chini kujifunza.

Bunduki hizo zilitengenezwa kufyatuliwa kwa cheche za jiwe. Katika miaka ya 1850 hivi serikali ya Marekani ilizigeuza nyingi zitumie fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo: kisahani cha baruti kikaondolewa, tundu la ubavuni la kupitishia moto likazibwa, na kifa, kichuchu cha kuvishia fataki, kikachomekwa juu ya kasiba (mtutu), kidogo kuelekea kulia. Mimi bunduki ya namna hiyo naiheshimu, imepitia historia yake. Lakini wakusanyaji hulipa zaidi kwa ile iliyobaki gumegume, basi wapo wanaong'oa kifa, wakaziba tundu lake, wakafunga nyundo na kisahani vipya.

Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya silaha hapa Pennsylvania, mzee mmoja alinipa nyingine niishike. Safari hii nyundo sikuiangalia kabisa. Nilianzia juu ya kasiba, huko nyuma, nikailaza tochi mwanga uteleze juu ya chuma. Kikajitokeza kivuli cha duara, upana wa kifungo cha shati: kizibo cha tundu la kifa, kimepigwa msasa hadi kikawa sawa na kasiba.

Nikahamia kwenye lile tundu la ubavuni. Baruti nyeusi hula chuma: tundu lililotumika hupanuka, pembeni huwa na vishimo, na mbao iliyo karibu huungua. Hili lilikuwa duara safi lenye kingo kali, na mbao haikuwa na hata alama ya moshi.

Nilimwomba mzee tufungue bamba la mtambo, lile linaloshikilia nyundo. Akakubali, na hapo ndipo shaka ilipoisha. Matundu ya skrubu yaliyozibwa bunduki ilipogeuzwa kuwa ya fataki yalikuwa yametobolewa upya, ila keekee ilikwenda pembeni kidogo; kando ya tundu moja ukabaki ukingo wa kizibo cha zamani, mwembamba kama hilali. Ukiuona huo, huhitaji kuulizia rangi ya chuma wala maneno ya muuzaji.

Nilimwonyesha. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akasema naye aliinunua akiamini haijaguswa. Kisha akachukua kalamu, akakata bei ya kwenye kitambulisho, na chini yake akaandika: ilikuwa ya fataki, imerudishwa gumegume.