Nilivyopata Model M kwa hela kidogo, na kwa nini nilichukua ile chafu

Kibodi ya springi nilikuwa naitaka muda mrefu ila hela ndo ilikuwa inabana, kwa hiyo nilikaa karibu miezi miwili nalinganisha tu kabla ya kutoa chochote. Jicho langu lilikuwa kwa IBM Model M, zile zilizoanza kutoka 1985, ukibonyeza kitufe springi inajipinda ghafla inasukuma kinyundo kidogo kule chini na hapo hapo unasikia tak, yaani mlio, kidole na herufi vyote vinakutana kwa pamoja. Ukishaizoea hiyo, kibodi za kawaida unaona kama unabonyeza sponji.

Mpya zipo. Kampuni ya Unicomp ya Kentucky, Marekani, wanatengeneza tangu 1996 walipochukua kazi hiyo kutoka kwa Lexmark, kampuni iliyotokana na IBM, na kama hutaki kabisa kushika bisibisi mi nakushauri chukua hiyo, inakuja na USB na huna cha kuhangaika. Model F, yaani kibodi za IBM zilizotangulia Model M, nazo kuna watu wanazitengeneza upya, nzuri mno maana ndani hazina utando wa plastiki (lile tabaka jembamba linalopokea mbonyezo), ila bei ilinizidi mbali. Kuna na zile za bei chee zenye vitufe vya duara kama taipureta, hizo ni sura tu jamani, ndani ni swichi za kawaida, kama unatafuta mguso wa zamani usipoteze hela yako.

Nikabaki na mtumba. Nikapata wauzaji wawili, mmoja ana Model M safi inang'aa, mwingine yake imejaa vumbi na nywele katikati ya vitufe mpaka inakera kuangalia, bei zinakaribiana. Hapa ndo kuna jambo ambalo natamani kila mtu alijue kabla hajanunua: ndani ya Model M tabaka zote zimeshikwa na ribiti ndogo za plastiki (vipini vya kubania), na plastiki hiyo ikizeeka inakatika, zikikatika nyingi bamba linalegea na vitufe vya eneo hilo vinakuwa vizito au vinapoteza mlio. Kuzirekebisha inabidi ukate zote, utoboe matundu, uweke skrubu za milimita 2 na nati zake moja moja, kazi ya siku nzima au zaidi. Uchafu ni maji na sabuni tu.

Basi nikawaomba wote wawili wafanye vitu viwili, waitingishe karibu na simu, halafu wabonyeze kila kitufe taratibu wakinirekodia sauti. Ile safi ilikuwa inalia kama ina mchanga ndani, vile ni vichwa vya ribiti vilivyokatika vinazunguka. Ile chafu kimya, na tak zake zote zinafanana kasoro moja. Nikachukua chafu.

Kitu kingine cha kuweka kwenye bajeti mapema ni adapta. Waya wake ni wa PS/2, ile plagi ya duara ya kompyuta za zamani, na ile plagi ndogo inayobadilisha umbo tu kwenda USB haifanyi kazi hapa, inatakiwa adapta yenye chipu ndani, tena inayotoa umeme wa kutosha maana hizi kibodi za zamani zinakula umeme kuliko za sasa. Mi nilinunua ya bei ya chini kwanza, ikawa inawaka na kuzima, ikabidi ninunue nyingine, hela ya kwanza ikaenda hivyo.

Kuifungua unahitaji spana ya bomba ya milimita 5.5 iliyo nyembamba, maana boliti zimezama ndani ya matundu marefu. Vifuniko vya vitufe nililoweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo usiku kucha, nikaanika siku mbili kamili, usirudishe vikiwa na unyevu, tone likiingia kwenye utando ndo umeiua.

Kile kitufe kimoja kisicholia kilikuwa B. Nikakitoa, nikakuta springi imelala upande, nikaisimamisha kibodi wima ili springi ijiweke katikati, nikarudisha kitufe pole pole. Tak. Nyuma kibandiko kinasema 1989, na hii yote nimeiandika kwa kutumia hiyo hiyo.