Nimekwama kwa Mke Mkubwa

Kwetu Mwanza jiwe ni usumbufu. Ukichimba choo unakutana nalo, ukitaka kuongeza chumba liko palepale limekaa kama mwenye nyumba. Wiki niliyosafiri nilikuwa nimemlipa fundi wa kokoto shilingi 40,000, nusu ya hela yake, alipasue jabali lililo nyuma ya nyumba yetu. Angelichoma kwa matairi hadi liwe la moto, kisha alishukie kwa nyundo. Kwa hiyo binamu yangu wa Kisumu, aliyenialika harusini, aliponiambia nisirudi kabla ya kuona jiwe ambalo watu huliendea kutafuta nguvu, nilicheka mpaka nikamwaga soda.

Safari ya basi sina la kusema, isipokuwa wale wabadilisha fedha wa mpakani Sirari. Noti moja ilikunjwa katikati ikahesabiwa mara mbili mbele ya macho yangu, na mimi nikashukuru. Nilikuja kugundua tukiwa tumeshafika Migori. Harusi ilifana, wali ulikuwepo wa kutosha. Wali huo nitaurudia.

Jiwe lenyewe linaitwa Kit Mikayi. Liko Seme, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, kilomita zisizozidi thelathini kutoka mjini. Kwenye matatu nilikalishwa juu ya kibao kilicholazwa kati ya viti viwili, nusu ya makalio hewani, na nauli nikalipa ya mtu mzima. Niliposhuka nikamwambia kijana wa boda, "Samahani kaka, naomba unipeleke kwenye jiwe." Akatabasamu. "Kumbe wewe ni wa Tanzania! Mia tatu." Mwanafunzi aliyeshuka pamoja nami alilipa 50. Ile "naomba" yangu ilinigharimu shilingi 250 za Kenya, na njia yenyewe mtu angeimaliza kwa miguu kabla jasho halijamtoka.

Nilipolitazama sikucheka tena. Ni majabali, kila moja kubwa kuliko nyumba, yamepandana kama mizigo juu ya basi la sikukuu. Unaangalia lile la juu unajiuliza linangoja nini kuanguka. Mawe ya kwetu nayo yamepandana, nimekulia chini yake. Ila kwetu kuna kamba za nguo na mbuzi juu, jicho haliyaoni. Hapa palikuwa kimya.

"Mwanza si ndiyo ina mawe mpaka ndani ya ziwa?" kiongozi aliyenitembeza aliniuliza. "Sasa umekuja kuona nini?"

Sikuwa na jibu. Akanisimulia kisa. Kwa Kijaluo jina hilo ni jiwe la mke mkubwa. Inasemekana zamani palikuwa na mzee aitwaye Ngeso aliyelipenda jiwe hili kupita kiasi. Kila siku alipoamka aliingia pangoni akashinda humo, mkewe akawa anamletea chakula. Watu wakimuuliza mume yuko wapi, mama wa watu anajibu: ameenda kwa mke wake mkubwa. Nilimwonea huruma huyo mama, kupanda kwa miguu amebeba sufuria kwa ajili ya mke mwenza asiyepika.

Chini ya jiwe moja walisimama wageni wawili, viganja kwenye mwamba, macho wamefumba. Kiongozi akaninong'oneza kwamba wanasikiliza nguvu. Nami nikaweka mkono. Lilikuwa la moto kwa jua la saa nane, basi. Nikaona aibu kuutoa mapema, nikauacha kidogo.

Kisha tukaingia ndani, na hapo ndipo ilipo safari yangu.

Kuna upenyo kati ya majabali mawili, unapita ubavuubavu. Kiongozi, mwembamba kama fimbo, alipita huku akiongea. Mimi nikaingiza bega, nikaingiza kifua, kisha wali wa harusi ukagoma. Nikarudi nyuma: begi likanasa. Nikasukuma mbele: kitufe cha shati kikaruka, nikakisikia kikidunda chini mara tatu. Jiwe mbele lilikuwa limegusa pua yangu. Nje lilikuwa la moto, humu baridi ya mtungi. Nilianza kuhema, na kila nilipovuta pumzi nafasi ilizidi kupungua. Nikawaza matairi ya fundi wangu. Sijui kwa nini nilihisi mawe ya huku yamepata habari.

"Wacha kusukuma," sauti ikasema gizani, si ya kiongozi. "Nyathina, mwanangu, toa pumzi yote. Yote. Kisha ukuje pole pole."

Nikatoa pumzi hadi tumbo likashikana na mgongo, nikateleza, nikatokea upande wa pili nimechubuka kiwiko. Palikuwa na bibi kizee amekaa, kanzu nyeupe, rozari mkononi, bila viatu. Ni wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Katoliki huku Nyanza miaka ya 1960, na waumini wake huja hapa kusali na kufunga. Ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi wa mishumaa, nta imeganda kwenye nyufa. Kiongozi alimwita dani, yaani bibi, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Bibi hakunitazama mara ya pili. Alikuwa ameshaendelea na sala yake.

Mikono yangu ilitetemeka nusu saa nzima. Wageni wale wangeiita nguvu. Mimi naiita woga, lakini kusema kweli sijawahi kukaa nusu saa bila kugusa simu.

Kwenye matatu ya kurudi nilijiuliza kwa nini sijafika Ukara, kisiwa cha mkoa wetu wenyewe, kwenye lile jiwe linalosemekana hucheza ukifuata masharti ya wazee. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina na Wajerumani, naliona kila nikienda sokoni, nalo kwangu ni mahali pa kupigia picha. Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza kwamba miamba hii iliganda chini ya ardhi, ikafanya nyufa, maji yakala penye udhaifu, mvua ikachukua udongo, yakabaki majabali yamepandana. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Hakuna aliyetuambia tuvue viatu.

Nilifika nyumbani usiku, nanusa moshi wa matairi tangu kwenye kona. Fundi alikuwa ameanza. Asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba nikakuta jabali limepasuka katikati, ufa wa kumtosha mtu asiyetoka harusini. Fundi akadai 40,000 zake za kumalizia.

Nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi.