Kukabili Baridi ya Kipupwe kwa Gharama Ndogo

Rafiki zangu wa Njombe na Makete hucheka wanaponisikia nikilalamikia baridi ya Pemba, nami siwalaumu, kwa kuwa kwao umande huganda juu ya majani ilhali kwetu, hata katika usiku wa Julai, kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Hata hivyo, mwenye nyumba ya matofali na bati hapa Wete, tena mwenye mzee anayeumwa na magoti au mtoto mchanga, anajua kwamba kati ya Juni na Agosti kuna usiku ambao shuka moja haitoshi. Kinachotutesa ni unyevu ulioachwa na masika ndani ya kuta na matandiko, pamoja na upepo wa kusi unaopita juu ya unyevu huo na kutunyang'anya joto la miili. Ndiyo maana naona kununua hita ni kupoteza fedha: hita ya wati 1,000 hula yuniti moja ya umeme kwa kila saa, na ikizimwa, chumba chenye unyevu hurudi kilivyokuwa. Nyumba ikikauka, kazi kubwa imekwisha.

Tuanze na upepo, maana kuuzuia hakugharimu kitu. Huku kwetu kibla kiko kaskazini, takribani moja kwa moja, kwa hiyo hakuna haja ya dira: anayesimama kusali, kusi humpiga mgongoni, mara nyingi kwa upande wa kulia. Madirisha ya upande huo ndiyo ya kufungwa inapoingia magharibi, na uwazi ulioachwa kati ya ukuta na bati ndio wa kuzibwa kwa matambara au vipande vya mbao. Dirisha la upande wa kibla liachwe wazi kidogo, kwa sababu pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja hutoa maji mengi kuliko tunavyodhani, na chumba kilichofungwa kote huota ukungu.

Bati lenyewe hupoa upesi jua linapotua, na alfajiri hutoa matone upande wa ndani. Dari ndiyo tiba, lakini dari ni fedha. Asiyeiweza kwa nyumba nzima aiweke katika chumba kimoja, walale humo wazee na watoto.

Jambo la matandiko nalipa uzito kuliko yote. Godoro la sufi hutia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake. Likinyonya unyevu, nyuzi hushikamana, hewa hutoka, na mtu hulala juu ya kitu kizito na baridi. Wapemba hatuhitaji kufundishwa kuanika. Tunaotandaza karafuu juu ya majamvi na kuziwahi kila wingu linapotanda, tunajua kwamba kuanika ni nusu ya kazi na kuanua ni nusu ya pili. Cha ajabu, uangalifu huo tunaupa karafuu na kuunyima mito tunayolalia! Godoro, mito na blanketi vitolewe jua linapokuwa kali, vigeuzwe adhuhuri, na vianuliwe alasiri mapema, kabla hewa ya jioni haijavirudishia unyevu uleule. Katika wiki za mvua zisizo na jua, shuka na foronya zipigwe pasi muda mfupi kabla ya kulala. Pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa dakika kumi hula sehemu moja tu ya sita ya yuniti, na mtu huingia kulala kwenye shuka kavu. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumba cha kulala, kwani maji yake yote huishia hewani humo.

Baridi huingia pia kutoka chini. Anayelala kitanda cha kamba, au sakafuni juu ya saruji, hufaidika zaidi na mkeka au blanketi kuukuu chini ya godoro kuliko blanketi la pili juu yake. Kwa kujifunika, kanga mbili zilizowekwa pamoja hushinda kitambaa kimoja kizito, na soksi za mitumba humfaa mzee kuliko sweta, iwapo miguu ndiyo inayomkosesha usingizi. Wapo pia wanaowasha feni usiku kucha ili kufukuza mbu, kisha wanalalamika baridi. Chandarua chenye dawa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, bila umeme.

Chupa ya maji ya moto miguuni ni msaada mkubwa, mradi maji yasiwe ya kuchemka, kifuniko kikazwe, na chupa ifungwe kwa kanga ili isiunguze ngozi. Maji hayo yanaweza kuchemshwa pamoja na chai ya jioni na kuhifadhiwa katika chupa ya chai. Chai ya mchaichai na tangawizi, au uji wenye pilipili manga, vinajulikana kila nyumba, sina la kuongeza.

Kuna jambo moja nisilolikubali hata likiwa la bure, nalo ni kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa ajili ya mzazi na mtoto wake. Makaa yanayowaka, hata yaliyokwisha kufunikwa na majivu na yasiyotoa moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, mtu huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Wakiumwa kichwa watu kadhaa wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, watolewe nje haraka na wapelekwe hospitali.

Mtoto mchanga ana moto ulio bora zaidi karibu yake. Akikaushwa vizuri, akavishwa kofia na kuwekwa kifua kwa kifua na mama yake aliye macho, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wakafunikwa kanga, hupata joto la kutosha. Hospitali hutumia njia hiyohiyo kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati.